Chai ya Kijani Imefika Kiomboi

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumze habari ya chai. Siyo ile chai anayoomba mtumishi mwenye faili lako mezani. Hiyo tumekwisha kuizungumza mara nyingi na bado inanywewa. Nazungumzia chai ya kunywa, ya sufuria na kikombe, na hasa hii mpya iitwayo chai ya kijani. Ilianza katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Arusha, ikakaa huko miaka kadhaa ikinywewa na watu wanaopunguza matumbo, kisha ikapanda basi, ikashuka njia panda ya Misigiri na kuingia Kiomboi.

Kwa wasiopajua, Kiomboi ni makao makuu ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, kabla hujauteremka mlima Sekenke, unaiacha barabara kuu pale Misigiri na kukata kuingia Kiomboi. Ni nchi ya alizeti, mtama, uwele, vitunguu, na wale kuku ambao watu wa Dar es Salaam huwaita kwa jina la mkoa. Chai haioti huko. Mchai unataka mvua ya kutosha, aghalabu milimita 1,200 na zaidi kwa mwaka, iliyogawanyika katika miezi mingi, na udongo wenye tindikali. Mvua ya Iramba ni ya msimu mmoja, halafu kinafuata kiangazi ambacho hata mbuzi wanakijua kwa jina. Kwa hiyo kila jani la chai linalotiwa katika sufuria ya Kiomboi limesafiri.

Na chai ya Kiomboi tunaijua. Maji yanatokota mpaka kifuniko kinacheza, majani yenyewe ni kama unga wa kahawia, sukari haipimwi kwa kijiko kidogo, na kama kuna maziwa yanaingia humo humo. Kama hakuna, inakuwa ya rangi, na tangawizi inasaidia. Pembeni kuna viazi vitamu. Mtu aliyekulia kwenye chai hiyo akipewa kikombe cha maji ya kijani kibichi yasiyo na sukari, ana haki ya kuuliza kama mwenyeji wake ana ugomvi naye.

Mama yangu mdogo anaishi huko, na umri wake sasa umepita miaka sabini. Nilipomtembelea nilimkuta na boksi la chai ya kijani juu ya kabati, limewekwa pamoja na vidonge vyake vya presha. Aliuziwa na kijana apitaye nyumba kwa nyumba. Boksi la vifuko ishirini na vitano lilimgharimu fedha ambayo ingemnunulia sukari ya juma zima na sabuni juu yake. Nilimuuliza ladha yake ikoje.

“Mwanangu,” akasema, “ni maji ya mlenda uliosahauliwa chumvi.”

Nilicheka, lakini baadaye nikaona kwamba mama mdogo amesema jambo la kweli kuliko yote yaliyoandikwa kwenye boksi lile. Maana akina mama wa Iramba na wa nchi yote ya kati wanaifahamu siri ya chai ya kijani tangu zamani, ila wao hawakuifanyia kwenye chai. Wameifanyia kwenye kunde.

Hebu fikiri. Ukichuma majani ya kunde ukayaacha yanyauke ovyo, yanageuka rangi. Lakini wapo wanaoyachemsha kwanza kidogo, kisha wanayaanika, na kiangazi kizima wana mboga. Ule moto wa awali unafanya nini? Ndani ya jani kuna kimeng'enya, kitu kile kile kinachofanya kiazi au bilinganya lililokatwa ligeuke kahawia likipigwa na hewa. Moto unakiua. Jani linabaki na rangi yake na sehemu kubwa ya ladha yake ya shambani.

Chai ya kijani ni hivyo hivyo. Watu wengi hudhani kwamba chai ya kijani inatoka kwenye mti wake na chai nyeusi kwenye mti mwingine. Siyo kweli. Mmea ni mmoja, ule ule unaouona Mufindi, Rungwe, Njombe na Usambara. Tofauti iko kiwandani. Kwa chai nyeusi, jani hunyaushwa, husagwa au kuviringishwa ili maji yake yatoke, kisha huachwa hewani mpaka ligeuke jekundu la shaba, ndipo likaushwe. Kwa chai ya kijani, jani hupigwa moto mapema, kabla halijapata nafasi ya kugeuka. Basi. Mengine yote ni namna ya kuupiga huo moto, na hapo ndipo ladha zinapoachana.

Wachina, kwa sehemu kubwa, hutumia karai. Jani hutupwa kwenye chuma cha moto na kugeuzwageuzwa kwa mikono, kama mtu anayekaanga karanga. Kwa hiyo chai zao nyingi zina harufu ya kitu kilichokaangwa. Mashuhuri kuliko zote ni Longjing, ya upande wa Hangzhou, ambayo majani yake hukandamizwa kwenye karai mpaka yanakuwa bapa kama ulimi wa ndege. Ukiinywa unasikia kitu kama karanga mbichi zilizoanza kuiva kwenye moto, na utamu mdogo unaobaki kooni. Iko nyingine iitwayo Biluochun, ya mkoa wa Jiangsu, ambayo jani lake ni dogo mno, lina vinyweleo vyeupe na limesokotwa kama konokono. Hiyo harufu yake inaelekea matunda. Halafu kuna ile ya Zhejiang ambayo jani huviringishwa likawa punje ngumu, na Wazungu wakaiita baruti kwa sababu inafanana nayo. Hiyo ni kali, ina moshi moshi, na ndiyo inayokwenda Moroko kwa shehena, ambako huchemshwa na nanaa na sukari nyingi sana. Namtaja Mmoroko makusudi, ili yule anayetuambia kwamba chai ya kijani haitiwi sukari ajue kwamba kuna taifa zima halijasikia habari hiyo.

Nikiwa bado China, siwezi kuipita chai ya asumini. Ndugu zetu wa Unguja, Mombasa na Lamu, wanaojua asumini ni ua la kuvaa na la kutandaza kitandani, watafurahi kusikia kwamba Wachina hulilaza pamoja na chai. Vikonyo huchumwa mchana vikiwa vimefumba, usiku vinafunguka, na chai iliyolala humo inakunywa ile harufu. Asubuhi maua huondolewa. Kwa chai nzuri kazi hiyo hurudiwa usiku kadhaa kwa maua mapya. Mimi kati ya chai zote za kijani nilizopata kuonja, hii ndiyo ningempelekea mtu wa pwani bila kumwomba radhi.

Wajapani wao hawapendi karai. Hupika jani kwa mvuke, kwa sekunde chache tu au dakika moja na kitu. Kwa hiyo rangi inabaki kijani kabisa na ladha inabaki ya ubichi. Sencha, ambayo ndiyo inywewayo zaidi kwao, inanuka kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na mwisho wake una kitu cha bahari, kama mwani ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani. Gyokuro ni ya wenye fedha: mashamba hufunikwa vivuli kwa takriban wiki tatu kabla ya kuchumwa. Kivuli kinazuia ile dutu inayolifanya jani kuwa tamu kama supu isigeuke kuwa uchungu, kwa hiyo kikombe chake ni kizito, kinakaribia mchuzi. Mtu asiyeijua atadhani kuna mtu alichovya kuku humo.

Na matcha? Matcha ndiyo mlenda wenyewe. Majani yaliyofunikwa vivuli hupikwa kwa mvuke, hukaushwa, huondolewa vijiti na mishipa, kisha husagwa kwa jiwe mpaka yawe unga laini. Hayachujwi. Unga hutiwa maji ya moto na kukorogwa kwa kifagio cha mwanzi mpaka unatoa povu, na unanywa jani zima. Nilipomweleza mama mdogo habari hiyo alitaka kujua Wajapani wanaula na ugali wa nini.

Zipo pia chai za kijani za watu wa kawaida, na hizi naona zingepata wapenzi Kiomboi mapema kuliko gyokuro. Iko genmaicha, ambayo huchanganywa na mchele uliokaangwa, na baadhi ya punje zimepasuka kama bisi. Iko hojicha, ambayo ni chai ya kijani iliyokaangwa tena mpaka ikawa ya kahawia. Uchungu unapungua, harufu inakuwa ya ukoko na ya mahindi ya kuchoma. Mtu aliyezoea chai ya rangi hatajiona mgeni humo.

Sasa kwa nini kile kifuko cha mama mdogo kilikuwa kichungu kiasi kile? Sababu ziko mbili tatu. Kwanza, mchai wetu wa Afrika Mashariki kwa kiasi kikubwa ni wa jamii ya Assam, wenye jani pana na nguvu nyingi. Wajerumani waliupanda kwa majaribio Amani, Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20, na kilimo cha biashara kikashika kasi katika miaka ya 1920. Jani hilo lina wingi wa zile dutu za ukakasi, zinazoitwa katekini. Ukilifanya chai nyeusi, ukakasi huo unageuka kuwa ile rangi na nguvu inayovumilia maziwa, ndiyo maana dunia inaitaka kuchanganyia chai zake. Ukilifanya la kijani, ukakasi unabaki ulivyo. Siyo kasoro, ni tabia yake.

Pili, vifuko vingi vya bei ya chini hujazwa vumbi na vipande, na vipande vidogo hutoa uchungu upesi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mama mdogo alikitia kifuko kwenye maji yanayotokota na kukiacha humo akienda kuwafungulia kuku. Chai nyeusi inavumilia hayo. Ya kijani haivumilii. Inataka maji ya nyuzi 70 hadi 80 hivi, na dakika mbili au tatu tu. Hakuna haja ya kununua kipimajoto. Chemsha maji, yamimine kwenye kikombe kitupu, kutoka hapo kwenye kikombe cha pili, ndipo uyatie kwenye majani. Kila ukimimina, maji yanapungua kama nyuzi kumi. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kinatosha, na majani mazuri unaweza kuyatia maji mara ya pili na ya tatu, na ladha inabadilika kila mara. Kwa mwenye bajeti ndogo hilo si jambo la kudharau. Tulifanya hivyo siku ya pili, na mama mdogo akamaliza kikombe. Akasema, “Sasa ni mlenda wenye adabu.”

Lakini, ndugu msikilizaji, nisingekuja hapa kuwatilia maneno yote haya kama jambo lingekuwa ladha peke yake. Kilichonishtua ni mahali lilipokaa lile boksi. Lilikaa na dawa. Yule kijana alimweleza mama mdogo kwamba chai ya kijani inashusha presha, inaondoa sukari, inayeyusha mafuta na kusafisha damu, na kwamba akiinywa vizuri vidonge ataviacha mwenyewe. Naye alikwisha kuanza kuviruka, leo anameza, kesho hamezi. Mganga aliyempima baadaye hakufurahishwa na tarakimu alizoziona.

Sifa hizi si mpya. Mtawa wa Kijapani aitwaye Eisai aliandika kitabu mwaka 1211 kuisifu chai kama dawa ya kurefusha maisha. Tangu hapo zimepita karne nane, na sayansi imepata nafasi ya kupima. Kuhusu kupunguza uzito, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2012 yaliona kwamba upungufu unaoletwa na chai ya kijani ni mdogo mno, usio na maana kwa tabibu. Tena Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2018 kwamba vidonge vya dondoo la chai ya kijani, vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku, vinaweza kuathiri ini. Kikombe cha kawaida hakina tatizo hilo. Kwa hiyo kinywaji ni kinywaji kizuri, kina mahali pake, ila hakipaswi kukaa kabati moja na vidonge vya presha kama mrithi wao.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Chai yoyote, ya kijani au nyeusi, ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Nchi ambayo chuma cha mwanamke kinatoka kwenye mtama, kunde na mlenda haiwezi kulichukulia hilo kama habari ya Ulaya. Dawa yake haina gharama: kula kwanza, chai ifuate baada ya saa moja. Kwa mama mjamzito hilo ni muhimu kuliko rangi ya chai.

Na maji nayo. Singida ni kati ya mikoa yenye madini ya floraidi kwenye maji ya baadhi ya visima, ndiyo maana unaona meno ya kahawia kwa watu waliopiga mswaki maisha yao yote. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mchai nao, kwa tabia yake, huvuta floraidi kutoka udongoni na kuilimbikiza kwenye majani, na jani kuukuu lina nyingi kuliko chipukizi. Kwa hiyo mtu anayetumia kisima cha namna hiyo, akanywa vikombe sita kwa siku vya chai ya bei poa iliyotengenezwa kwa majani makuukuu, anajumlisha pande mbili. Maji ya mvua yakikingwa vizuri kwenye bati safi na kuchemshwa yanasaidia hapo, na yanasaidia pia kwenye ladha, kwa sababu maji yenye chokaa huifisha chai na kuiwekea utando juu. Mchina Lu Yu, aliyeandika kitabu cha chai katika karne ya 8, aliyapanga maji kwa daraja: ya mlimani kwanza, ya mto yakafuata, ya kisima mwisho. Ni kana kwamba aliwahi kupita Singida.

Sasa nigeukie fedha. Chai ya Tanzania kwa sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa haijatiwa kwenye pakiti, na kwa miaka mingi mnada wake umekuwa Mombasa, mpaka mwaka 2023 ulipofunguliwa mnada wa Dar es Salaam. Karibu yote ni nyeusi ya kusagwa. Chai ya kijani hapa si ndoto. Shamba la Luponde kule Njombe limeitengeneza, na wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, kwani mwaka 2011 watafiti wao wa Kericho walitoa aina ya mchai wenye jani la zambarau. Ila ukitazama rafu za maduka yetu, sehemu kubwa ya chai ya kijani iliyoko pale imetoka mbali, na bei yake inalipia ule umbali.

Kinachozuia si ujuzi wa mvuke, maana huo, kama nilivyosema, akina mama wa kunde wanao. Ni barabara. Jani la chai ya kijani linataka lichumwe changa, chipukizi na majani mawili, na lifike kiwandani likiwa zima ndani ya saa chache. Likishindiliwa kwenye gunia, lori likakwama kwenye tope la masika mpaka jioni, limeanza kugeuka kahawia lenyewe, na hapo halifai tena kwa kijani. Chai nyeusi husamehe kidogo. Mkulima naye hulipwa bei ya kusamehewa. Ningependa kumsikia mtu wa mipango akieleza barabara za mashamba ya chai kwa hesabu hiyo, ya tofauti ya bei kati ya jani lililofika saa nne asubuhi na lile lililofika saa mbili usiku.

Kabla sijaondoka, neno kwa wanunuzi. Vingi vinavyouzwa kwa jina la chai ya kijani si chai. Majani ya mlonge yaliyosagwa ni mlonge. Mchaichai ni mchaichai, nao ni mtamu kwa haki yake na unaota nyuma ya nyumba bure. Ukinunua chai yenyewe, tazama tarehe, kwa sababu ya kijani huchakaa upesi kuliko nyeusi, na baada ya mwaka hivi inabaki nyasi. Usiinunue iliyokaa dirishani ikipigwa jua. Ukifika nayo nyumbani itie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, mbali na vitunguu na mafuta ya taa, kwani chai inanusa kila kitu. Mama mdogo ameitia yake kwenye mkebe wa zamani wa maziwa ya unga, na mkebe ameuweka jikoni karibu na sukari. Kwenye kabati la dawa vimebaki vidonge peke yake.